Kamba wa Zigi na uduvi wa Luiche

SWALI: Mimi ni mstaafu wa reli, mzaliwa wa Muheza. Nimestaafia Kigoma, nina bustani kando ya kijito kinachoingia mto Luiche. Utotoni tulikamata kamba wakubwa wenye magando marefu katika mto Zigi, hata mbali na bahari. Huku naona uduvi wadogo tu, tena sehemu ya tambarare kwenye nyasi. Juu ya maporomoko hakuna hata mmoja, ingawa maji ya huko ni safi zaidi na kaa wamejaa. Mvua za Novemba zikianza hata wale wa chini hupotea. Je, kamba wakubwa walimalizwa au hawakuwahi kuwepo? Na nikileta wachache kutoka pwani nikawamwaga kijitoni, watazaana? Nimesikia wanakula konokono wa kichocho.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kamba wakubwa hawakumalizwa na mtu. Wale uliowakamata Zigi hawakuwahi kufika kwenye kijito chako, na hata ukiwamwaga leo hawataacha uzao humo. Sababu yenyewe iko baharini, mbali kabisa na bustani yako.

Kamba wakubwa wa mito ya pwani yetu, wale wenye jozi moja ya mikono mirefu kupita mwili, ni wa jenasi (kundi la aina zenye undugu wa karibu) iitwayo Macrobrachium. Wengi wao huishi maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, utu uzima wao wote, lakini watoto wao hawawezi kukulia humo. Jike hubeba mayai chini ya tumbo, katikati ya miguu ya kuogelea, na huyapepea usiku na mchana ili yapate hewa. Yakianguliwa hatoki kamba mdogo. Hutoka buu anayeelea kichwa chini mkia mbele, asiyefanana na mama yake kwa lolote. Buu huyo akibaki kwenye maji yasiyo na chumvi hufa baada ya siku chache. Inampasa mkondo umfikishe kwenye mlango wa mto, pale maji ya mto na ya bahari yanapochanganyika. Hapo hukaa wiki kadhaa, akijivua gamba mara kwa mara na kubadilika umbo kila hatua, mpaka awe kamba kamili mwenye urefu usiofikia ukucha wako. Ndipo anageuka na kuanza kupanda mto.

Safari hiyo ya kupanda hufanyika zaidi usiku, pembezoni ambako maji hayana nguvu. Kamba wachanga hutambaa juu ya mawe yaliyolowa, hupita kando ya maporomoko ambayo samaki hawezi kuyapanda, na huko juu hupata raha: chakula kipo, samaki wa kuwala ni wachache. Kwa hiyo uliyoyaona Zigi yalikuwa sawasawa. Zigi unatoka misitu ya Amani na kumwaga maji Bahari ya Hindi upande wa Tanga, na kwa kamba wachanga umbali huo unapandika. Mtu akijenga ukuta mrefu wa bwawa katikati, habari hubadilika. Puerto Rico wameona mito ambayo kamba walitoweka kabisa juu ya mabwawa makubwa yasiyomwaga maji ukutani, ilhali chini ya bwawa wamejaa.

Sasa lifuate tone la maji la kijito chako. Litaingia Luiche, litashuka mpaka kwenye delta kusini ya Ujiji, na litamwagika Ziwa Tanganyika, mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa hilo lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na njia moja tu ya kutokea, mto Lukuga, ng'ambo ya pili kule Kalemie. Hata njia hiyo haijawahi kuwa ya kutegemewa: mvumbuzi Stanley alipoifikia mwaka 1876 maji hayakuwa yakitoka, mpaka ziwa lilipofurika miaka michache baadaye. Kutoka Lukuga tone lako litaingia Lualaba, sehemu ya juu ya mto Kongo, literemke maporomoko ya Boyoma karibu na Kisangani, lipite Kinshasa, lipigwe tena na maporomoko mpaka Matadi, ndipo lionje chumvi ya Atlantiki. Buu mwenye siku chache za kuishi hafiki huko, na kamba mchanga harudi kutoka huko. Ndugu zako wa Tabora wako katika hali hiyohiyo, maana maji ya Igombe na Ugalla huingia Malagarasi, na Malagarasi humwaga Tanganyika.

Habari ya chumvi haikujulikana vizuri mpaka miaka ya mwanzo ya 1960. Mtafiti Shao-Wen Ling, akifanya kazi Penang, Malaysia, alikuwa akijaribu kulea mabuu wa kamba mkubwa wa Asia, Macrobrachium rosenbergii. Jike mmoja wa aina hiyo anaweza kubeba mayai 80,000 hadi 100,000, kwa hiyo mabuu hawakumpungukia. Walikuwa wanakufa tu. Alipowatia kwenye maji yenye chumvi kidogo wakapona. Ufugaji wote wa kamba huyo duniani unatokana na ugunduzi huo, na vituo vya kutotolea mpaka leo hutumia chumvi ya gramu 12 hivi kwa lita, yaani kama theluthi ya chumvi ya bahari.

Usiondoke hapo ukidhani Kigoma haina kamba. Kwa upande wa aina, ziwa lako ni tajiri kuliko Zigi. Tanganyika ina aina zaidi ya kumi za uduvi wasiopatikana popote pengine duniani, wa jenasi za Limnocaridina, Caridella na Atyella. Tena ina Macrobrachium wake yenyewe, Macrobrachium moorei, mdogo wa umbo lakini wa ukoo uleule wa kamba wako wa Muheza. Huyu ndiye kamba aliyeikata kamba ya bahari. Jamaa zake waliofanya hivyo katika maziwa na mito mingine duniani wanaonyesha inavyowezekana: kwa vizazi vingi jike huja kutaga mayai machache lakini makubwa, yenye kiini cha kutosha, na anayeanguliwa huwa amekwishapita ndani ya yai sehemu kubwa ya utoto ule unaodai chumvi. Badala ya kutawanya maelfu wafe, anatunza makumi wapone.

Jina moorei linatokana na J. E. S. Moore, Mwingereza aliyekuja Tanganyika mwaka 1896 na tena 1899. Alipoona konokono wenye magamba mazito kama ya baharini, na konyeza wanaoelea kwenye maji baridi, akashikilia kwamba ziwa hili ni kipande cha bahari ya kale kilichonaswa bara. Wazo lilikuwa tamu na watu wengi walilipenda. Halikuwa kweli. Mtafiti mwingine, W. A. Cunnington, alifuata na msafara wa 1904 hadi 1905, vielelezo zaidi vikachunguzwa, na leo tunajua kwamba ziwa limetokana na kudidimia kwa Bonde la Ufa, miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita kwa makadirio ya wengi. Muda wote huo uduvi wake wamegawana makazi. Wapo wa mawe, wapo wa mchanga, wapo wanaoishi katikati ya ziwa wakishuka kilindini mchana na kupanda juu usiku, ambako mgebuka huwasubiri. Siku ukinunua mgebuka mwalo wa Kibirizi mtazame tumboni kabla ya kumtupia paka. Kuna wakati utawakuta. Na yupo mmoja, Limnocaridina iridinae, anayeishi ndani ya kombe hai, amejificha kati ya magamba mawili. Sijui mnyama mwingine wa ziwa hilo anayenifurahisha kama huyo.

Hawa wa ziwani hawapandi kijito chako. Maji ya Tanganyika yana madini mengi na ni ya kialkali, pH yake ni karibu 9. Maji yanayoteremka milimani kwenu ni laini kwa kulinganisha. Kiumbe aliyezaliwa na kukulia katika maji ya namna ile kwa mamilioni ya miaka hana haraka ya kuhama.

Basi uduvi wako ni nani? Wa kwanza kumfikiria ni jenasi ya Caridina, ambayo imeenea Afrika kwenye mito, vinamasi na maziwa. Ndugu zake wa Ziwa Viktoria, Caridina nilotica, walikuja kuwa chakula kikuu cha sangara, pale samaki wadogo aina ya furu walipopungua miaka ya 1980. Ili kumtambua mtie kwenye bilauri ya kioo na utazame mikono. Macrobrachium, hata akiwa mdogo, ana jozi ya pili ya mikono iliyorefuka na yenye gando la kushikia. Caridina ana mikono mifupi iliyomalizikia kwenye vishungi vya nywele, naye hutumia vishungi hivyo kufagia utelezi wa kijani, mabaki ya majani na vijidudu, kisha hupeleka kinywani, mkono huu ukienda na ule ukirudi bila kupumzika. Ukimwona anafagia hivyo, huna haja ya kutafuta zaidi.

Sasa maporomoko. Hapa ndipo swali lako linaponipendeza, kwa sababu umeona kinyume cha ulichokiona Zigi. Kule, kamba walikuwepo juu. Huku, juu ni kaa tu. Caridina wa namna ya nilotica anaweza kumaliza utoto wake wote kwenye maji baridi, lakini bado ana mabuu wanaoelea kwa muda. Buu anayeelea kwenye kijito cha mteremko mkali huondoka na maji siku hiyohiyo. Anayebaki ni yule aliyezaliwa palipotulia: kwenye ghuba za mto, kati ya matete na mafunjo, chini ya mizizi inayoning'inia majini. Tambarare yako ina hayo yote. Juu ya maporomoko hakuna. Tena wazee wao si wapandaji kama wale wa Zigi, ambao hawana budi kupanda kwa sababu walikulia chini. Wa kwako amezaliwa nyumbani. Wa nini kupanda ukuta wa mawe?

Kaa wa mtoni, jenasi ya Potamonautes, hawana shida hiyo. Jike wa kaa huyu hubeba mayai mpaka yatoke vikaa vidogo vilivyokamilika, havina hatua ya kuelea hata kidogo. Na kaa mwenyewe anaweza kutoka majini, akatembea nchi kavu usiku wa mvua akitoka kijito kimoja kwenda kingine, mradi matamvua yake yasikauke. Kwake maporomoko ni kilima tu. Kwa hiyo kaa walioko juu hawathibitishi kwamba uduvi wangepaweza huko, na kukosekana kwa uduvi hakumaanishi kwamba maji ya juu yana kasoro. Kijito chenye kivuli kizito na mwendo wa kasi ni kizuri kwa kunywa, lakini mfagiaji wa utelezi wa kijani anahitaji jua na utulivu.

Kupotea kwao Novemba ni mambo mawili, na ni vema uyatenganishe. La kwanza ni la kawaida. Mafuriko ya mwanzo hukokota kila kitu, na uduvi hujibanza kwenye mizizi ya kingo, au hubebwa hadi penye utulivu zaidi. Mto ukitulia hurudi. Udongo unaoteremka nao huongeza adha: vilima vilivyokatwa miti hutoa tope, tope huziba mianya ya mawe na kufunika kile wanachofagia. Athari za tope hilo zimechunguzwa sana kwenye fukwe za ziwa upande wenu na upande wa Burundi, na penye tope jingi aina za viumbe wa mawe hupungua.

La pili ndilo linalonitia wasiwasi. Novemba ndio pia mwezi wa kuandaa mashamba na kupulizia. Dawa nyingi za wadudu zinazouzwa madukani siku hizi ni za kundi la pairethroidi. Kwa binadamu si kali sana zikitumiwa kwa maelekezo, lakini kamba, uduvi na kaa ni jamaa wa karibu wa wadudu, na dawa inayoua kiwavi wa nyanya kwa matone machache huua uduvi kwa kiasi kidogo zaidi ya hicho. Mtu mmoja akisuuza bomba la kupulizia kijitoni, kipande kirefu chini yake kinaweza kubaki kitupu. Tofauti utaiona hivi: mafuriko yakiwaondoa, hutaona maiti. Ukiwakuta wamekufa pembeni wamegeuka weupe au wekundu hafifu, na wadudu wa majini wamekufa pamoja nao ilhali maji hayakujaa, hapo uliza nani kapulizia juu. Vyandarua vyenye dawa vinavyogeuzwa nyavu vina kosa hilohilo, ukiacha kwamba vinazoa hata vichanga.

Usinichukie kwa hili, mzee wangu, lakini na wewe una bustani kando ya kijito. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Najua wengi hawaizingatii na najua rutuba iko hapohapo. Ukiweza, walau ukanda wa mwisho uache matete na miti ya asili isimame, na bomba lisuuzwe mbali, maji yake yamwagwe kwenye udongo mkavu.

Kuleta kamba kutoka pwani nakukataza waziwazi. Macrobrachium wa Zigi hataweza kuzaa humo, utakuwa umewapoteza bure. Lakini ndoo ya maji ya mto haina kamba peke yao. Ina vimelea, ina vijidudu, na mara nyingi ina aina nyingine ndogo ambazo hukuziona, zenye uwezo wa kuzaliana bila chumvi. Jirani zetu wameshapata somo hilo kwa kamba-mwitu wa kigeni wenye magando mazito. Procambarus clarkii wa Marekani aliingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970, akala mimea ya majini na kuvuruga ziwa kwa miongo. Cherax wa Australia alitoroka mabwawa ya wafugaji huko Zambia akaenea Kafue na Kariba. Bonde lako linaishia kwenye ziwa lenye mamia ya viumbe wasiopatikana kwingine, na ziwa hilo ni la nchi nne. Kuingiza kiumbe cha majini kutoka nje ya nchi kunahitaji kibali cha idara ya uvuvi. Kumhamisha kutoka bonde moja hadi jingine ndani ya nchi madhara yake kwa mto ni yaleyale, hata kama hakuna askari wa forodha njiani.

Kuhusu kichocho, ulichosikia si uongo. Mwaka 2015 watafiti walitangaza matokeo ya kazi yao katika bonde la mto Senegal. Bwawa la Diama, lililokamilika mwaka 1986 karibu na bahari, lilikata njia ya kamba Macrobrachium vollenhovenii, konokono wakaongezeka na kichocho kikashika kasi. Kamba waliporudishwa kwa mkono mahali watu wanapochota maji, konokono wenye vimelea walipungua na maambukizi mapya yakapungua. Lakini angalia masharti yake: kamba yule ni mwenyeji wa mto ule, aliondolewa na bwawa, akarudishwa kwao. Kwako hakuna wa kurudishwa. Mlaji konokono akiwekwa Luiche akafika ziwani hatachagua konokono wa kichocho awaache konokono wa Tanganyika ambao hawako popote pengine. Uduvi wako wa sasa hali konokono kabisa, mikono yake haina nguvu hiyo. Kichocho kwenu kitapunguzwa na vyoo, dawa ya praziquantel inayotolewa shuleni na vituoni, na kutoingia majini bila sababu.

Kwa hiyo unapowatafuta vaa buti za mpira. Nenda jioni giza likishaingia na tochi, umulike kandokando ya nyasi. Macho yao hurudisha mwanga wa rangi ya machungwa. Pitisha chekecheke chini ya mizizi, usiburute katikati ya mto. Sehemu za chini karibu na delta usiende usiku, kuna mamba. Jike mwenye mayai utamjua kwa kifurushi cha rangi ya kijani au kahawia chini ya tumbo. Mtazame, kisha mrudishe majini. Wachache wasio na mayai unaweza kuwatia kwenye chupa yenye spiriti ya asilimia 70 na kuwapeleka kituo cha TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) hapo Kigoma. Ndani ya chupa weka karatasi iliyoandikwa kwa penseli, maana wino wa kalamu hufutika kwenye spiriti. Usiandike “Kigoma” tu. Andika jina la kijito, kijiji, tarehe, na kama ni chini au juu ya maporomoko. Na siku ukipita juu ukachekecha usipate kitu, andika hilo pia.